JUU YA MCHEZAJI MMOJA WA KATIKATI



Tarehe 30 ya mwezi wa sita sisi wote tunaijua. Ni siku ya uhuru wa inchi, na kwa sisi mafinaliste ni wakati masomo yanaisha na mtu anaanza kujiuliza moyoni: sasa nitakwenda wapi? Kule Uingereza tarehe ileile iko na maana ingine. Ni siku kontra za wachezaji wa mpira zinaisha. Mbele yake, mwezi wa tano, ekipi zinatoa liste: hawa wanabaki, hawa wanakwenda zao. Mchezaji anatafuta jina lake pale sawa vile sisi tutakavyotafuta yetu wakati matokeo ya Exetat yatakapotangazwa, na tumbo linamuuma vilevile.

Tunataka kuandika juu ya mtu mmoja aliyepita mu majira ya namna ile mara nyingi. Anaitwa Jacques Maghoma. Watoto wa kilasi ya kwanza walipoona tunaandika jina hili walituuliza, "Yaya Kapita, huyu ni nani? Alikuwa Barça?" Hapana. Hakuwa Barça, hakuwa Real, hata Ligi Kuu ya Uingereza hakuicheza siku moja. Njo maana tunamwandika. Juu ya wale wengine kila mtu mu interna yetu anajua hata namba ya viatu vyao.

Alizaliwa hapa kwetu Katanga, Lubumbashi, tarehe 23 ya mwezi wa kumi 1987, inchi ikiitwa bado Zaïre. Akakulia Uingereza, akaingia shule ya mpira ya Tottenham, mji wa London. Shule za namna ile ziko kama interna, ila somo kubwa ni balo. Kijana anapewa walimu, anapewa viatu, na wazazi hawaombwi minerval. Ekipi yenyewe inalipa, sababu inatumaini kwamba katika vijana wengi mmoja ao wawili watafika. Wale wengine wanarudishwa nyumbani. Maghoma alikuwa mmoja wa wale wengine. Mwaka 2009, akiwa na miaka 21, Tottenham ikamwacha, naye alikuwa bado hajacheza hata mechi moja ya ligi mu ekipi yao ya kwanza.

Hapa tunasimama kidogo, kwa sababu ya mwenzetu mmoja wa mwaka wa sita. Jina lake hatuandike. Anacheza katikati, na anacheza vizuri kutushinda sisi wote, walimu wameona. Tangu Pasaka kuko muntu anakuja siku ya mungu na motokari, anamwambia kwamba ekipi moja ya ngambo inamngojea, inabaki tu feza ya pasipoti na ya majaribio. Tena inafaa kwenda upesi, mbele ya Exetat. Mama yake anashona nguo sokoni. Usiku mmoja, taa zimekwisha kuzimwa, mwenzetu akatuambia kwa sauti ya chini, "Kapita, mama atauzisha mashini yake ya kushona. Amekubali." Sisi hatukulala tena usiku ule.

Tuendelee na Maghoma.

Kule Uingereza kuko ekipi 92 mu ngazi ine za juu: 20 mu Ligi Kuu, kisha 24, 24, na tena 24. Alipotoka Tottenham, Maghoma alichukuliwa na Burton Albion, mu ngazi ya ine. Ekipi hii ilikuwa imepanda mu ngazi ile mwaka uleule wa 2009, mara ya kwanza tangu iumbwe. Burton ni mji mdogo unaojulikana sana juu ya bia, hata wachezaji wao wanaitwa jina la watengeneza-bia. (Bwana Pasta atatusamehe, si sisi tuliowaita vile.) Kiwanja chao kinaingiza watu karibu 7,000 tu na kinaitwa Pirelli, jina la fabriki ya pine za motokari. Wazee wa Lubumbashi hawatashangaa: Mazembe yetu nayo zamani iliitwa Englebert, jina la pine.

Sasa angalieni jambo hili, sababu lilileta mabishano makubwa mu kilasi chetu. Mwezi wa kumi na mbili 2010, TP Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kwa kombe la dunia la vikundi. Ikashinda Pachuca ya Mexique 1-0, ikashinda Internacional ya Brésil 2-0, ikaingia finali, ekipi ya kwanza ya Afrika kufika pale. Inter ya Milano ikawapiga 3-0, sawa, lakini finali ni finali. Wakati ule mtoto wa Lubumbashi alikuwa Burton mu ngazi ya ine, mwaka wake wa pili, mbele ya watu elfu chache, mu baridi. Yeye alikuwa Ulaya, na Lubumbashi yenyewe ilikuwa juu yake!

Mwenzetu mmoja wa kilasi akapiga meza: "Munaona? Angalibakia hapa!" Mwingine akajibu: "Angalibakia hapa, nani alisema Mazembe ingalimchukua?" Sisi tunaona wote wawili walikuwa na haki kidogo. Lakini tunaona vilevile kwamba neno "Ulaya" linadanganya vijana. Mtu anasema "niko Ulaya" kama vile Ulaya ni kiwanja kimoja na taa nyingi. Kuko Ulaya ya finali na kuko Ulaya ya Burton, na katikati yao kuko ngazi ndefu sana ya kupanda na miguu.

Alibaki Burton miaka mine. Ligi ya ngazi ile ni mechi 46, toka mwezi wa nane mpaka mwezi wa ine ao wa tano, na makombe mengine juu yake. Mara siku ya posho, mara siku ya pili usiku, na kwenda mbali na bisi. Yeye alicheza zaidi pembeni ya katikati, mara upande wa kushoto, mara wa kuume. Kazi ya mtu wa pale haionekane sana. Anapanda kusaidia washambulizi, balo ikipotea anarudi mbio kusaidia walinzi, na goli ikiingia watu wanaimba jina la ule aliyegusa wa mwisho. Mwalimu wetu wa michezo anasema mtu wa katikati ni kama mama wa nyumba: siku hayuko njo watu wanaona kazi yake.

Msimu wa 2012-13 ulikuwa wake. Burton ilimaliza ya ine, karibu kupanda. Ilishinda kwa Bradford City 3-2 mu mechi ya kwanza ya kutafuta kupanda, kisha nyumbani ikapigwa 3-1, ikabaki palepale. Lakini wachezaji wa Uingereza, ambao kila mwaka wanachagua wao wenyewe kumi na mmoja walio bora wa kila ngazi, walimweka Maghoma mu ekipi ya mwaka ya ngazi ya ine. Sisi tunaipenda heshima ya namna ile. Haikutolewa na watu wa gazeti, ilitolewa na wale waliokuwa wanamkimbiza nyuma kila siku ya posho na kushindwa kumkamata.

Mwezi wa sita mwaka ule kontra ikaisha, akaenda Sheffield Wednesday. Aliruka ngazi ya tatu yote, akaingia ya pili. Sasa mtauliza, ekipi mupya iliwalipa Burton feza gani? Hapa inafaa tuseme juu ya mtu mwingine wa katikati, Mbelgiji, Jean-Marc Bosman. Huyu alikuwa mchezaji wa RFC Liège. Mwaka 1990 kontra yake iliisha, ekipi ikataka kumpunguzia mshahara toka karibu franga 120,000 za Ubelgiji kwa mwezi mpaka 30,000. Akataka kwenda Dunkerque, Ufaransa. Liège ikadai feza ya kumwachilia, ijapo kontra imekufa. Bosman hakukubali, akashitaki. Kesi ilikwenda miaka mitano mpaka tarehe 15 ya mwezi wa kumi na mbili 1995, tribinali kubwa ya Ulaya ikampa haki: kontra ikiisha, mchezaji ni mtu huru, hauzwi kama mbuzi. Wakati ule miaka yake ya mpira ilikuwa imekwisha kuharibika. Wakubwa wa mpira wametajirika sana kwa kesi ile, yeye hapana. Haki nyingi zinapatikana namna ile, tunafikiri: mtu mmoja anabomoa mlango na bega lake, bega linavunjika, wengine wanapita.

Kwa hiyo Maghoma alipita mu mlango ule. Mu safari zake zote alikwenda kontra ikiisha, bila ekipi moja kumwuza kwa ingine. Wengine mu kilasi wanasema hiyo ni haya, mchezaji asiye na bei. Sisi tunasema hapana. Ule fundi wa matofali aliyejenga ukuta wa nyumba yetu ya kulia, nani alimnunua? Alikuja, akapima, akajenga, ukuta ukaisha, akalipwa, akabeba mwiko wake. Leo anajenga fasi ingine. Mu inchi yote mafundi wanaishi namna hii, walimu vilevile wanahamishwa toka shule kwa shule, na hatujasikia mtu akisema wameshindwa maisha.

Sheffield alikaa miaka miwili, na hatuna mengi ya kusema pale. Kisha 2015 Birmingham City ikamwita. Na nani alikuwa mwalimu wa Birmingham wakati ule? Gary Rowett, ambaye alikuwa mwalimu wake Burton mu msimu ule mzuri. Jambo hili tulilisoma mara mbili. Ule mtu alikuwa amemwona mu mvua ya Burton, mu mazoezi ya asubuhi ambayo hakuna picha yake, na alipopata kazi kubwa akamkumbuka. Vijana wengi wanacheza kwa muntu wa motokari anayepita siku ya mungu. Maghoma alipata kazi yake ya tatu kwa mtu aliyefanya kazi naye kila siku, akijua anachelewa ao hachelewi.

Birmingham alikaa miaka mitano, naye alikuwa pale wakati wa moto. Mwezi wa kumi na mbili 2016 Rowett alifukuzwa, ekipi ikiwa mu fasi nzuri. Akaja Gianfranco Zola, ule Mwitalia. Mambo yakaanguka mpaka 2017 ikafaa kumwita mzee Harry Redknapp kwa mechi tatu za mwisho, wakaokoka siku ya mwisho, 1-0 kule Bristol. Mwaka 2018 tena waliokoka siku ya mwisho, wakishinda Fulham 3-1. Mwezi wa tatu 2019 ligi ikawanyanganya pointi 9, sababu wakubwa wa ekipi walitumia feza kupita sheria. Mwaka 2020 tena waliponea karibu. Walimu sita walipita mu miaka ile mitano: Rowett, Zola, Redknapp, Cotterill, Monk, Clotet. Kila mwalimu mupya anakuja na watu wake na mipango yake, na mchezaji wa zamani anaanza upya kama mtoto wa kwanza: nionyeshe unajua nini. Sisi tulibadilishiwa mwalimu wa matematika mara mbili mu mwaka mmoja, tukalia. Yeye walimu sita, na mpaka mwaka wa tano alikuwa bado anaitwa kucheza.

Akavaa tena mayo ya Leopards, ya inchi aliyozaliwa. Hili tunaliandika kwa furaha, wala hatulizidishe.

2020 kontra ya Birmingham ikaisha, mu wakati wa ugonjwa wa Covid, viwanja vikiwa vitupu. Alikuwa anakaribia miaka 33. Mtu wa umri ule, wengi wanaketi. Yeye akaenda Uhindi, mu ekipi ya East Bengal ya mji wa Kolkata, iliyoumbwa 1920. Ilikuwa mwaka wao wa kwanza mu ligi kubwa ya kule, na mwalimu alikuwa Robbie Fowler, mshambulizi wa zamani wa Liverpool. Mechi zote za msimu zilichezwa Goa, fasi moja, bila watu wa kuangalia. East Bengal walicheza mechi ine za kwanza bila goli hata moja. Ya tano, mwezi wa kumi na mbili 2020, wakicheza na Hyderabad, Maghoma akapiga. Goli ya kwanza ya East Bengal mu ligi ile ni yake. Na mechi ileile akapiga ya pili, lakini wakapigwa 3-2. Fikirini: unaandika jina lako mu kitabu cha ekipi ya miaka mia moja, na mu kiwanja kizima hakuna mtu wa kupiga makofi.

Tunaongeza neno moja juu ya ndugu yake mudogo, Paris, aliyezaliwa kule London 2001. Naye ni mtu wa katikati, naye alipita shule ya Tottenham, naye akaenda zake 2020, kwa Brentford. Brentford wakamwazimisha kwa ekipi zingine, kama Bolton msimu wa 2023-24. Yaani mu nyumba ile walijua kwamba mlango wa Tottenham ukifungwa, dunia haijafungwa. Tunafikiri jambo hili mudogo hakulisoma mu kitabu, aliliona kwa mkubwa wake akibeba sanduku.

Sasa mwenzetu. Baada ya usiku ule tulimwendea, sisi kapita na wengine wawili wa kilasi, kwa amani, chini ya mwembe. Hatukumwambia aache mpira. Kuna walioomba tumwambie vile, tukakataa, sababu ni uongo kusema mpira si kazi, na yeye angalijua ni uongo. Tulimpa mambo tu. La kwanza: ekipi ya kweli haiombi mama wa mchezaji feza ya majaribio, inalipa yenyewe. La pili: yeye ana miaka 17, na sheria ya FIFA, kipande cha 19, inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa toka inchi moja kwenda ingine, ila kwa sababu chache sana, kama wazazi wamehama kwa mambo yao yasiyo ya mpira. Ule muntu wa motokari hakumwambia neno lile. La tatu tulimwuliza: ekipi inaitwaje?

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hajaniambia jina. Anasema ni siri juu ya wivu ya batu."

"Siri? Ekipi ikae siri? Ekipi iko na mayo, iko na kiwanja, iko na deni. Iko siri namna gani?"

Akakasirika sana. Akatuambia, "Benyewe munataka nibakie hapa, niwe mwalimu, nikose mushahara miezi mitatu." Neno lile lilituuma, kwa sababu walimu wetu wanalisoma gazeti hili na wanajua kama ni kweli. Hatukuwa na jibu zuri. Tulimwambia tu kwamba Maghoma alikuwa na miaka 21 alipoachwa, na 25 alipopanda, na karibu 33 alipokwenda Uhindi, kwa hiyo miezi mitatu ya kungojea Exetat si kitu mu kazi ndefu namna hii, na kwamba mashini ikiuzishwa, mama hatapata ingine kwa bei ile.

Siku ya mungu iliyofuata alimwomba ule muntu aandike jina la ekipi juu ya karatasi, na jina lake mwenyewe, na atie mkono. Muntu akasema karatasi inakuja. Ni juma la tano leo. Mashini iko nyumbani bado, mama anashona nayo nguo za watoto wa kwaya. Mwenzetu anaingia kilasi, anafanya mazoezi ya hesabu, jioni anakimbia kuzunguka kiwanja peke yake. Sisi hatusalimie. Tukikutana kwenye bomba ya maji anaangalia ndoo yake. Tumemwombea kwa mwalimu wa michezo ruhusa ya kufanya mazoezi mbele ya etidi ya jioni, wala si nyuma yake, kusudi asisinzie juu ya vitabu, na mwalimu amekubali mpaka tarehe ya Exetat.

Kapita wa shule, kwa niaba ya mwaka wa sita